Livingstone apumzike, tuongelee kanisa la Bagamoyo

Shemeji yangu alikwenda hija Bagamoyo na akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania. Basi zima, vitenge sare, rozari na nyimbo njia nzima. Akarudi na picha tele kwenye simu: mnara, mnara, yeye na mnara, mwenyekiti na mnara, halafu mnara tena umezibwa nusu na kidole cha mpiga picha. Chini ya mojawapo kaandika "Kanisa la Livingstone". Nikamuuliza, shem, na kanisa kubwa je? "Lile tulisali humo," akasema, "ila mwongozaji hakutueleza kitu."

Hakuwaeleza kitu! Watu wamefunga safari, wamekaa mle saa nzima ya Misa, wamepanda basi kurudi nyumbani, na walichoelezwa ni habari za David Livingstone, mpelelezi Mskoti.

Tupige hesabu ndogo. Livingstone aliingia bara kwa safari yake ya mwisho mwaka 1866. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakafungua misheni Bagamoyo mwaka 1868. Kanisa lao la kwanza, hilo ambalo leo tunapiga picha mnara wake, ni la 1872. Livingstone alifariki kijijini kwa chifu Chitambo, kule Zambia ya leo, Mei 1873, na miaka yote hiyo hakurudi pwani. Sasa nani anieleze kanisa hilo aliliona saa ngapi? Aliletwa maiti Februari 1874, akalazwa hapo kanisani usiku mmoja, akapakiwa melini, Unguja, kisha Uingereza, na Aprili akazikwa Westminster Abbey. Wala hakuwa Mkatoliki. Usiku mmoja tu, tena hajitambui, mnara ukawa wake! Mimi nimelala Bagamoyo mara nyingi kuliko yeye, tena nikiwa hai, na hakuna aliyenipa hata tofali.

Kama ni lazima mnara uwe wa mtu wa safari ile, wapeni akina Chuma na Susi, watumishi wake. Ndio waliokausha mwili, wakauzika moyo kulekule chini ya mti, wakabeba kilichobaki miezi na miezi. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone, aliwashauri wamzike hapohapo yaishe. Wakamgomea Mzungu yule na kuendelea na safari.

Lakini hilo la mnara ningelimeza. Kinachoniuma ni kanisa kubwa, la parokia, lililojengwa kati ya 1910 na 1914.

Hebu fikirini Bagamoyo ilikuwaje miaka hiyo. Makao makuu ya Wajerumani yalikwisha hamia Dar es Salaam tangu 1891. Reli ya Kati ilianza kujengwa mwaka 1905, na haikuanzia Bagamoyo, ilianzia Dar. Mapema 1914 ikafika Kigoma. Mzigo uliokuwa ukiteremka kichwani mwa mpagazi mpaka pwani ya Bagamoyo sasa ulipanda behewa. Mji uliokuwa mlango wa bara zima ukawa unafungwa taratibu, na kila mwenye duka alikuwa anakiona kinachokuja. Mwaka huohuo reli inafika Kigoma, watu wa misheni wanamaliza kanisa linalolimeza la kwanza! Mtu wa mahesabu angewacheka. Watu wanahama, ninyi mnaongeza viti?

Wale mapadri hawakuwa wajinga, na hilo ndilo waongozaji wetu hawalisemi. Kanisa la 1872 lilijengwa misafara ikiwa imepamba moto, Bagamoyo ikiwa Bagamoyo. Hili la 1914 halikumsubiri mpagazi wala mfanyabiashara wa pembe, maana hao walikwisha kuondoka. Lilijengwa kwa ajili ya waliobaki: watu waliokombolewa utumwani na watoto wao na wajukuu wao, waliokuwa wanalima pale, wamefunzwa useremala na uashi palepale, wameoana pale na kuzikana pale. Usiniambie hiyo si habari ya kuwasimulia mahujaji.

Halafu jengo lenyewe. Ingieni nyumba yoyote ya kale ya mawe ya mwambao, Bagamoyo Mjini, Unguja au Lamu. Mtakuta chumba kirefu, chembamba. Fundi hakukosea. Dari ya zamani inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ukiivusha zaidi ya mita tatu hivi, inalegea. Fundi wa pwani aliijua kazi ya matumbawe na chokaa barabara. Alijua kupanga kuni na mawe ya kuchoma, alijua chokaa ikae muda gani kabla ya kuitumia. Ila upana wa chumba aliamuliwa na mti. Sasa mtu huyo, au mwanawe, mpe kazi ya ukumbi ambao mamia ya watu wanatakiwa kumwona padri altareni bila ukuta kuwakata katikati. Hapo boriti ya mkoko haina msaada. Inabidi kuta zipande, uzito ugawanywe, kila kitu kipimwe upya. Ndiyo maana ukitoka kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Bagamoyo ukaingia mle, kifua kinafunguka. Hujaambiwa lolote bado, na tayari umeinua macho. Mimi hunishika kila mara, hata siku ambayo mahubiri hayaniingii.

Nakubali, shingo upande, kwamba bila jina la Livingstone huenda mnara wenyewe tusingeukuta. Jina lake linaleta watalii, na watalii wanaleta hela ya ukarabati. Sawa. Nakubali pia kwamba misheni ile haikuwa paradiso. Wamisionari waliwanunua watoto kwenye soko la Unguja ili kuwaweka huru, kisha uhuru wenyewe ukawa wa kengele: kengele ya kuamka, ya sala, ya shamba. Wapo waliotoroka. Hayo nayo yasemwe, tena kwa sauti, maana yanawahusu walewale ninaowatetea.

Vilivyobaki mnavijua: njia ya miembe, pango la Bikira Maria, makaburi ya wamisionari waliokufa vijana kwa homa, msalaba kule ufukweni. Mwaka 2018 tulipoadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji Tanzania Bara tulikusanyika hapo kwa maelfu. Na bado, nawahakikishia, nusu ya waliokuja walirudi na picha ya mnara.

Kwa hiyo ombi langu kwa maparoko, makatekista na wenyeviti wa jumuiya mnaopanga hija za Oktoba ni dogo. Anzeni na kanisa kubwa. Kabla ya Misa, watu wakiwa wamekaa, mtu asimame aseme lilijengwa lini, mji ukiwa katika hali gani, na nani walikuwa wanasali humo. Mnara mtaupitia mkielekea makumbusho, dakika kumi zinatosha. Na wenye dhamana ya eneo lile, wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuwa watu wa kuandika, waliweka hadi shajara ya misheni. Watafuteni humo waashi na maseremala. Hata wakipatikana watano tu, wawekeeni kibao mlangoni, kwa Kiswahili, maandishi makubwa, kwa sababu shemeji yangu miwani huwa anaisahau kwenye basi.