Chip itasubiri, tuanze na sumaku

Kila mjadala wa vipimo hapa Dodoma unaishia kwenye mashine kubwa, nani analeta, bei gani, inafungwa hospitali ipi. Mimi naona kinachotutesa zaidi maabara ni kuosha na kutenganisha. Yani kabla hujapata jibu lazima kile unachokitafuta, iwe protini au DNA ya kimelea, kitolewe kwenye damu yenye makorokoro kibao, na hapo ndo zinahitajika mashine za kuzungusha, umeme wa uhakika na mtu aliyesomea. Kuvipata vyote kwa pamoja kwenye zahanati ya ndani ndani huko Bahi ni bahati, ndo maana sampuli inapandishwa bodaboda.

Sasa kuna hivi vipunje vya sumaku. Ni vidogo balaa, vingi vina mikromita 1 mpaka 3 hivi (seli nyekundu ya damu ina kama 7), na ndani vina oksidi ya chuma, mara nyingi magnetaiti, ule ule unga mweusi unaonasa ukipitisha sumaku ya spika mbovu kwenye mchanga wa korongo. Mnorwei mmoja, John Ugelstad, miaka ya 1970 ndo alifanikiwa kutengeneza vipunje vya plastiki vyenye saizi moja, baadaye vikawekewa chuma ndani. Juu vinapakwa kingamwili au kipande cha DNA kinachokamata kitu kimoja tu. Unavimimina kwenye sampuli, unatikisa, unaweka sumaku pembeni ya kitube, vyote vinahamia ukutani na mzigo wao, unamwaga uchafu, unatia maji ya kuoshea, unatoa sumaku, vinatawanyika tena. Huko kutawanyika ndo ujanja wenyewe, kwasababu chembe za ndani ni ndogo mno kiasi kwamba sumaku ikiondoka na zenyewe zinaacha kuwa sumaku, la sivyo zingegandana na kazi ingeishia hapo. Kipindi cha corona maabara nyingi duniani zilikuwa zinatoa RNA ya kirusi kwa njia hii hii.

Kwenye chip, yani kile kibamba kidogo chenye vimfereji kinachofanya kipimo kizima, watafiti wanaenda mbali zaidi. Wanachora nyaya nyembamba chini ya kimfereji, wanapitisha umeme kwa zamu, vipunje vinafuata kule nguvu ya sumaku ilikozidi, hatua kwa hatua, bila pampu. Mwisho wa safari kuna sensa (kifaa cha kuhisi, siyo ile ya kuhesabu watu) ambayo upinzani wake wa umeme unabadilika kipunje kikinasa juu yake. Tabia hiyo waliigundua Albert Fert na Peter Grünberg mwaka 1988, wakapewa Nobel 2007, na ndo iliyokuja kusoma hadi diski za kompyuta zetu. Mwaka 1998 watafiti wa jeshi la wanamaji la Marekani wakaonesha kwamba inaweza kuhesabu vipunje. Na kwa kweli hapa nawavulia kofia, maana damu yenyewe karibu haina sumaku yoyote, kwahiyo hakuna kelele za kuichanganya sensa kama ilivyo kwa vipimo vya mwanga ambavyo hata rangi ya damu tu inavisumbua.

Ila tangu 1998 mpaka leo ni miaka mingapi? Vipunje vina tabia ya kunasa hata pasipotakiwa, nyaya zikipitishiwa umeme mwingi zinapata moto, na chip ukishaitumia kwa mgonjwa mmoja unatupa, hapo bei ndo inaumiza. Kwahiyo mimi nasema tuanze na kitube na sumaku. Diski ya kompyuta iliyokufa (hard disk), fundi kompyuta yeyote hapa mjini anayo, ndani ina sumaku kali za neodimiamu, kijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) akiamua anatengeneza kishikio cha vitube kwa hela ya chai. Vipunje vyenyewe ndo shughuli, vinaagizwa nje, na vile vilivyopakwa kingamwili vinataka friji, nyuzi 2 hadi 8, sasa na jua hili la Oktoba na umeme unaokatika mchana kweupe sijui nani analilinda hilo friji. Akija mtu kutuonesha chip yake mimi sitauliza inapima kwa dakika ngapi, nitauliza ile katriji, yani kile kipande cha kutumia mara moja na kutupa, inatunzwa wapi, na zikiisha zahanati inaagiza kwa nani.