Pokeeni ubani, msisaini karatasi

Msiba wa ajali ukitokea kandokando ya hii barabara ya Dodoma–Morogoro, mjumbe wa mwenye gari hachelewi. Anafika na magunia ya mahindi, mafuta, bahasha, na jeneza keshalilipia. Anapokelewa vizuri, na sina ubaya na hilo. Aliyekuja kuhani hafukuzwi. Shida inaanza wazee wanapoitwa pembeni ya turubai.

Niliiona karatasi yenyewe kwenye msiba mmoja upande wa Kibaigwa. Lori lilikuwa linaovateki mlimani, likamkuta kijana wa bodaboda yuko upande wake. Mistari kama sita, imechapwa kabisa: familia imepokea ubani, imeridhika kuwa ajali ni mipango ya Mungu, na haina madai kwa dereva, mmiliki wala bima. Kando kulikuwa na kisahani cha wino. Baba mdogo wa marehemu akasaini, bibi akashikwa mkono akaweka dole gumba. Mjane alikuwa ndani na akina mama. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kesi ya kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ni ya Jamhuri dhidi ya dereva. Marehemu ni mtoto wenu, ila kesi si yenu kuifuta. Wazee wakishasaini, ramani ya ajali bado inachorwa, mkaguzi bado anakagua breki, jalada bado linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Kinachokufa ni ushahidi. Aliyeona kwa macho ni binamu wa marehemu, na keshaambiwa "tulishayamaliza". Akiitwa mara ya kwanza haendi, mara ya pili kahamia Manyoni kutafuta maisha. Kesi inaahirishwa weee, mpaka inaondolewa, na dereva ambaye mahakama ingeweza kumfungia leseni anarudi na tela lake barabara ile ile.

Najua nitakachojibiwa: ukimfunga dereva, marehemu atafufuka? Na watoto wa dereva watakula nini? Swali la pili nalichukulia kwa uzito. Dereva anayelipwa kwa tripu, bosi anampigia kila saa kumuuliza amefika wapi, sitaki abebe mzigo huu peke yake. Lakini bosi huyo ndiye aliyeileta karatasi, na aliyekingwa nayo zaidi ni yeye.

Maana upande wa pili wa jambo hili ni fidia, na hii haina uhusiano na ubani. Mwajiri anawajibika kwa kosa la mwajiriwa wake akiwa kazini. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria kwa gari linalotembea barabarani, na imewekwa kwa ajili ya watu kama yule mjane. Wategemezi wa marehemu, yaani mke au mume, watoto na wazazi, wanaruhusiwa kudai riziki waliyoipoteza, na hesabu yake inaangalia marehemu alikuwa anaingiza nini na angewatunza kwa muda gani. Magunia ya mahindi hayafiki hata karibu. Walioichapa karatasi wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana neno "bima" halikusahaulika.

Kwa hiyo pokeeni ubani. Mkitakiwa kuandikishana, iandikwe kuwa ni ubani na kiasi chake, basi. Pigeni picha namba ya gari mapema; mkiiingiza kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mtaiona kampuni iliyolikatia bima. Kituoni ulizeni namba ya jalada na jina la mpelelezi. Na msikae sana, madai haya yana ukomo wa muda.

Lawama nyingine naipeleka kwa wanaoendesha mashtaka. Shahidi hawezi kuota tarehe. Faini ya barabarani unaiangalia kwenye simu kwa namba ya gari tu, dakika moja umemaliza. Kesi ya mtu aliyeuawa kwenye barabara hiyo hiyo, ndugu yake anapanda basi kutoka kijijini kwenda kuulizia itatajwa lini, na akifika anaambiwa ilitajwa juzi.