Semina, simu au jirani: mwenye duka dogo ajifunze wapi?

Mama mdogo wangu ana duka la rejareja Mbagala, lile ambalo watoto wa mtaa wanaliita "kwa Mangi" ingawa yeye ni Mmakonde na Moshi hajawahi kufika. Droo ya meza yake ina vyeti vitatu vya mafunzo ya ujasiriamali, vimefungwa kwenye nailoni visiingie unyevu. Chini ya vyeti kuna daftari la madeni, ambalo kurasa za nyuma mjukuu wake kazifanyia hesabu za shule. Nilimuuliza semina zile zilimfundisha nini. Akafikiri. "Kuandika. Tuliambiwa tuandike." Anaandika? "Nikipata nafasi."

Mafunzo hayajaadimika. SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, ipo tangu 1973. Halmashauri hufundisha vikundi kabla ya kuwapa mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Benki zina semina zao, na simuni kuna walimu wa biashara wasiohesabika, wengine wazuri, wengine wanaouza kozi ya namna ya kuuza kozi. Ubishi uliopo ni kama haya yote yanaongeza chochote kwenye faida, au mwenye duka angekaa na jirani mzoefu akapata zaidi bila kufunga duka siku tatu.

Wanaotetea darasa wana hoja nzito, na mimi naianzia kwenye kodi. Kwa jedwali la kodi ya makadirio la 2019, mfanyabiashara mwenye mauzo ya shilingi milioni 8 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alitakiwa kulipa 250,000. Mwenye kumbukumbu, kwa mauzo yale yale, alilipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani jumla 120,000. Tofauti ni 130,000, na imetoka kwenye daftari tu. (Majedwali haya huguswa kwenye bajeti, kwa hiyo angalia la mwaka wako.) Jirani hakwambii hili, kwa sababu na yeye analipa ile ya juu huku akilalamika.

Kuna pia ushahidi wa Kenya. Wanawake 3,537 wenye biashara ndogo waliingia kwenye utafiti wa mafunzo ya siku tano ya Shirika la Kazi Duniani. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu waliopewa nafasi ya kufundishwa walikuwa na mauzo ya juu kwa asilimia 18 na faida ya juu kwa asilimia 15 kuliko wenzao. Miaka mitatu, si miezi mitatu. Wanaopima mafunzo wiki chache baada ya kufungwa wanaweza kuyahukumu mapema mno.

Lakini Kenya hiyo hiyo ina Dandora, Nairobi. Huko watafiti waliwagawa wanawake wenye biashara changa: baadhi darasani, baadhi wakakutanishwa na mfanyabiashara mzoefu wa eneo lao. Darasa halikuongeza faida. Waliopewa mzoefu walipata faida zaidi kwa wastani wa asilimia 20, na sababu kubwa ilikuwa ya kawaida kabisa: walijua wapi pa kununulia mzigo kwa bei nafuu. Mwalimu wa darasani hawezi kujua hilo. Mama mdogo mwenyewe, duka la jumla analonunulia sasa Kariakoo aliambiwa na dereva wa bajaji anayembebea mzigo.

Sasa wapenzi wa jirani wasishangilie haraka. Huko Dandora, uhusiano ulipokatika na nafuu ikapungua. Na jirani wa kweli, yule wa duka la pili, ni mshindani. Akikuelekeza kwa msambazaji wake amejiongezea njaa. Anachokufundisha bila kukusudia ni kuiga. Mmoja akiweka huduma ya kutoa na kutuma pesa, mwezi unaofuata mtaa una mawakala watano na hakuna mwenye kamisheni ya maana.

Kuna utafiti wa Dar es Salaam unaonisumbua kuliko hayo yote. Mwaka 2008 wateja wa PRIDE Tanzania, taasisi ya mikopo midogo, walipewa mafunzo ya biashara. Wanaume walinufaika, wanawake kwa kiasi kidogo sana, na walikaa darasa moja. Kwa maoni yangu jibu liko jikoni. Chukua mfuko wa sukari wa kilo 50, tuseme umenunuliwa 130,000, unauzwa 2,800 kwa kilo. Kwa karatasi ni 140,000, faida elfu kumi. Toa bodaboda 2,000 na vifungashio 1,500. Kilo moja imepotea kwenye mizani, robo hii na nusu ile. Kilo mbili zimeingia kwenye chai ya nyumbani, na hakuna aliyeziita manunuzi. Zimeuzwa kilo 47, fedha iliyopatikana ni 131,600, na matumizi ni 133,500. Sukari imekwisha, wateja wameridhika, na mtaji umepungua 1,900. Mwanamke mwenye duka hilo anajua kupiga hesabu vizuri sana. Ila shemeji akituma mtoto dukani, hawezi kumdai.

Ndiyo maana mimi naegemea mafunzo mafupi yenye amri moja au mbili kuliko vitabu vya mizania. Jamhuri ya Dominika walilinganisha hayo mawili, matokeo yakachapishwa 2014: somo la uhasibu kamili halikubadilisha kitu cha maana, lakini kanuni rahisi, kama kutenga pesa ya biashara na ya nyumbani kwenye droo mbili, ilibadilisha namna watu wanavyosimamia fedha zao. Darasa la hivyo linamalizika asubuhi moja. Tatizo lake ni posho na picha: halina siku tatu za chai na vitafunwa, wala halijazi ripoti ya mradi.

Upungufu wake mwingine ni kwamba kanuni ya droo haikufikishi mbali. Ukifika mauzo ya kuhitaji mashine ya risiti, au watoto wakianza kuulizana nani atarithi duka, utamhitaji mhasibu na pengine mwanasheria, na hapo kozi ndefu inastahili ada yake.

Mama mdogo hajafika huko. Droo ni moja, kwa hiyo nilimletea makopo mawili, la duka na la nyumbani. Alicheka, akasema hizo ni mambo za watoto. Wiki iliyopita nilimkuta amesimama nyuma ya meza, ametoa elfu moja mia tano kwenye kopo la nyumbani na kuitia kwenye la duka, akapima nusu kilo ya sukari, akajirudishia chenji mia moja.