Simu ya mkopo na mbalamwezi ya Mwaloni

Marekani, kampuni za mitandao ndizo zilizokuwa zikimpangia mteja lini abadilishe simu. iPhone ya 2007 ilifungwa kwa mtandao wa AT&T peke yake, na mkataba wa miaka miwili juu yake. Mwaka uliofuata iPhone mpya ikauzwa dola 199, kwa kuwa mtandao ulibeba sehemu ya bei na kuirudisha polepole kwenye bili ya mwezi. T-Mobile, mtandao mwingine wa huko, ikauvunja utaratibu huo 2013. Septemba 2015 Apple, mtengenezaji wa iPhone, ikaingia yenyewe: kuanzia dola 32 kwa mwezi, ukishalipa mara 12 unarudisha simu na kuchukua mpya, isiyofungwa mtandao wowote.

Huku Mwanza ugomvi huo, wa mtandao na mtengenezaji kumgombea mteja, ulipata mshindi mapema. Laini zetu tunazilipia kabla, kwa hiyo hakuna bili ya mwezi ya kufichia deni la simu. Kisha wakaja Tecno, Itel na Infinix, zote za kampuni moja ya China, Transsion, na simu za laini mbili: moja ya bando, nyingine ya kupokelea fedha. Mtengenezaji akamchukua mteja, mtandao ukabaki na vocha.

Sasa mitandao inarudi kwa mlango wa mkopo. Kenya, Safaricom ilianza 2020 ikishirikiana na Google: simu ya 4G kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Kwetu pia zipo simu za kianzio na rejesho, zenye programu inayozifunga ukichelewa kulipa.

Siibezi mitandao hiyo. Mtandao umeshasimika minara ya 4G, na mwenye kitochi hanunui bando la intaneti. Mama lishe wa Igoma hana hati ya kiwanja wala mshahara wa kumwonyesha mkopeshaji. Lile kufuli ndilo dhamana yake. Bila hilo asingekopeshwa hata chaja.

Tatizo ni kalenda. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukipevuka mitumbwi hupumzika, na pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, fedha hupungua kwa mvuvi, mchuuzi, hata mbeba mizigo. Rejesho la kila siku halina habari na mbalamwezi. Simu inajifunga siku zile zile ambazo mchuuzi anamtafuta mteja wa Geita au wa Dar. Anayepanga marejesho hayo, nadhani, hupokea mshahara tarehe 25. Jumlisha na bei: hesabu marejesho yote, utakuta umeipita mbali ile ya taslimu dukani.

Watengenezaji nao wasijifanye malaika. Simu yao ya bei nafuu hujaa haraka, masasisho hukoma mapema, na mteja hurudi dukani bila mkataba wowote kumlazimisha. Ila hapo walau anachagua mwenyewe siku ya kurudi, na kioo kikipasuka fundi yeyote anaishika bila kuuliza deni.

Kwa hiyo mwenye uwezo wa kudunduliza, hata kwa kibubu, ningemwambia anunue taslimu. Asiyeweza akope, lakini aulize mambo mawili kabla ya kutoa kianzio: jumla yote ni shilingi ngapi, na je, anaweza kulipa mara mbili wiki za giza ili asidaiwe wiki ya mwezi mpevu? Mtandao utakaokubali hilo la pili utawapata wavuvi ambao duka la taslimu haliwafikii.