Mirungi: Sheria Ikataze Mmea au Kemikali?

Bunda la mirungi lililofungwa Meru ni zao halali, kwa kuwa sheria ya mazao ya Kenya inaitambua miraa, jina la mirungi huko; likivushwa mpaka wa Namanga linageuka kielelezo cha mashtaka, maana sheria ya Tanzania ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inaikataza mirungi. Tofauti hiyo ni chungu kwa mkulima wa Same anayefyekewa shamba, lakini haina utata: kila nchi imesema waziwazi inachotaka. Utata huanza pale sheria inapounyamazia mmea na kutaja kemikali iliyomo ndani yake.

Ndivyo ulivyo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Kathinoni, kemikali ya mirungi yenye nguvu zaidi ya kuchangamsha, imo katika jedwali la kwanza, lenye udhibiti mkali kuliko yote, na kathini, iliyo hafifu zaidi, katika jedwali la tatu, ilhali mmea wenyewe haumo. Na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipoutathmini mwaka 2006, hawakupendekeza uingizwe. Marekani nayo imefuata njia hiyo ya kemikali, huku kathinoni ikiwa na tabia ya kupungua haraka baada ya majani kuchumwa na kubaki zaidi kathini, ambayo sheria huichukulia kwa wepesi. Uzito wa kosa, basi, unaweza kutegemea ndege iliyobeba mzigo ilichelewa kwa saa ngapi. Mwaka 2005 mahakama moja ya rufaa nchini humo ilikataa hoja kwamba sheria hiyo ni tata kupindukia, ila ikamwachia mshtakiwa kwa kuwa haikuthibitika kwamba alijua mirungi yake ina kathinoni.

Watetezi wa utaratibu huo husema kutaja kemikali huziba mianya, kwani dawa hubaki ileile iwe ni jani, unga au kidonge. Uyoga wa kulevya wa Uingereza unawasuta. Kemikali yake ilikuwa imepigwa marufuku, lakini uyoga mbichi, ambao haujakaushwa wala kutengenezwa, uliuzwa madukani hadharani mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 2005. Kwa hiyo njia hiyohiyo inaweza kumnasa asiyejua na kumpitisha anayejua vizuri sana.

Hoja yao yenye uzito zaidi ni nyingine: ukimya huziachia nchi nafasi ya kuheshimu mila zao, ilhali kuutaja mmea huufanya mpira wa wanasiasa. Baraza la ushauri kuhusu dawa za kulevya la Uingereza lilishauri mwaka 2013 kwamba mirungi isipigwe marufuku. Waziri wa Mambo ya Ndani, Theresa May, aliipiga marufuku hata hivyo, na katazo likaanza Juni 2014. Nakiri kwamba uwazi hauleti busara. Hata hivyo, katazo lililo wazi lina mtu wa kuulizwa. Nchini Uganda wakulima na wafanyabiashara wa mirungi walikwenda Mahakama ya Katiba, ambayo mwaka 2023 iliibatilisha sheria iliyowabana kwa kuwa ilipitishwa bila akidi, na Bunge likalazimika kuanza upya.