Kashata za tairi zina mwenyewe?

Gerezani, Dar es Salaam, kwenye duka la matairi, fundi alinilazia matairi mawili chini nichague. Yote yana mitaro minne ya kuzunguka, na kashata za pembeni, yaani vipande vya mpira vinavyogusa barabara, zimekatwa mshazari kwa kipimo kilekile. Majina ya ubavuni tofauti, bei ya moja karibu nusu ya jingine. "Kashata ni zilezile, kaka," akaniambia.

Kuna nchi ambako kauli hiyo ingewafikisha watu mahakamani. Marekani hutoa hataza ya umbo, yaani haki ya pekee ya kutumia muundo fulani, kwa sura ya kashata, miaka 15 tangu siku inapotolewa. Hataza hiyo haigusi uwezo wa tairi kushika lami. Ni michoro tu, na sehemu zisizodaiwa huchorwa kwa mistari ya kukatika.

Wanaoipinga wanasema kashata si pambo, na hoja yao ni nzito. Mtaro upo ili maji yapate pa kutokea. Ukiisha, tairi huelea juu ya maji, na aliyepita bonde la Jangwani wakati wa masika na tairi kipara anajua usukani unavyokuwa mwepesi ghafla. Hata kashata kupishana ukubwa kwenye tairi moja kuna kazi yake: hupunguza mvumo barabarani. Ukimpa mtu mmoja haki juu ya vitu hivyo, umempa njia ya maji. Ndiyo maana mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, unaziruhusu nchi kukataa kulinda umbo lililolazimishwa na kazi yake.

Lakini maji hayana njia moja. Mtaro unaweza kwenda kama wimbi, kama herufi V au kwa kona kona, na kazi ikafanyika vilevile. Hapo mchoraji anachagua kwa jicho lake, na jasho hilo linastahili kulindwa. Wala ulinzi huo haufungi kila kinachofanana. Mwaka 1998 kampuni ya matairi ya Goodyear ilishindwa katika mahakama ya rufaa ya Marekani dhidi ya mshindani wake, Hercules, kwa kesi ya kashata za matairi ya malori. Kipimo kilikuwa jicho la mnunuzi wa matairi hayo, yaani dereva na mwenye malori: je, angedanganyika akachukua moja akidhani ni jingine?

Kipimo hicho nakipenda, maana mnunuzi wa Dar husoma kashata kabla ya maandishi. Dereva wa bodaboda huinama, akapitisha kidole gumba mtaroni, akaamua. Anayenakili sura anachukua na imani iliyojengwa na mwingine, wakati mpira na nyuzi za ndani hazionekani. Kwa hiyo nasimama upande wa ulinzi, ila uishie kwenye sura. Ubora wa tairi ni kazi ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Bei nafuu peke yake si ushahidi wa ubovu, na bodaboda hana fedha ya kulipia jina.

Kwa kampuni zinazolalamika nina neno moja. Kwa kawaida haki ya umbo haivuki mpaka. Hataza ya Marekani haina nguvu Gerezani. Umbo lisajiliwe kwa ajili ya Tanzania, na mlango upo kupitia ARIPO, shirika la haki za ubunifu la nchi za Afrika lililoko Harare. Jina likighushiwa, hilo ni la Tume ya Ushindani. Sura isiyosajiliwa tusimbebeshe muuzaji lawama zake.

Nilimwomba fundi anionyeshe namba nne za ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi la bei nafuu lilikuwa jipya kuliko la bei ghali, kwa miaka miwili. Hilo kashata hazikuwa zimeniambia.