Funga Kitabu Kwanza, Kisha Jiulize

Jioni moja nilisoma ripoti ya kurasa 40 tangu mwanzo hadi mwisho, kalamu ya rangi ya njano mkononi, nikipaka kila sentensi niliyoona ina uzito. Kesho yake mwenzangu kazini akaniuliza swali jepesi kabisa: "Kwa hiyo ndugu, wanasemaje?" Nilifungua mdomo, nikakosa la kumjibu. Niliikumbuka ripoti ilivyokuwa, nikakumbuka hata ile njano ilivyokolea pembeni mwa jedwali moja, lakini hoja ya walioiandika haikuwamo kichwani mwangu. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu nilikuwa nimetoa saa tatu nzima nikiamini kwamba ninajifunza.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao sioni haya kuutetea mbele ya yeyote: akili hainolewi na wingi wa mambo tunayoiingizia, bali na jitihada ya kuyatoa. Siku hizi nikisoma kurasa nne au tano hufunga kitabu, huchukua karatasi tupu na kuandika nilichokipata bila kuchungulia. Mstari wa kwanza huja wenyewe, wa pili huja kwa kusuasua, na kwenye wa tatu mkono husimama. Zamani nilikuwa nikifika hapo nafungua kitabu haraka. Sasa huvumilia, huzunguka huku na huku akilini nikitafuta neno, mfano au tarakimu ya kunirudisha njiani, na mara nyingi kitu huchomoza nilipokuwa nimekaribia kukata tamaa. Kusita huko, ambako huwachosha watu na kuwafanya wajione hawana kichwa, ndiko kazi yenyewe inakofanyika.

Wanaochunguza kumbukumbu wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, kisha akipima ni kiasi gani kimebaki baada ya dakika, saa na siku kadhaa. Kwa kipimo chake, zaidi ya nusu ilikuwa imeshapotea baada ya saa moja, na baada ya hapo upotevu ukapunguza kasi. Aligundua pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko marudio yaleyale yaliyorundikwa siku moja. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 2006, Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walivisoma tena na wengine walijaribu kuvikumbuka bila kuvitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka, na waliojihangaisha kukumbuka wakawa mbele.

Nadhani hapo ndipo tunapodanganyika wengi. Kurudia kusoma huleta hisia tamu ya kulielewa jambo, kwa kuwa maneno yameshazoeleka machoni, na hisia hiyo tunaichukulia kuwa ndiyo elimu. Kujiuliza, kwa upande wake, huonyesha mapengo papo hapo, na hakuna apendaye kuyaona. Ndiyo maana tabia hii huwashinda hata watu wenye bidii.

Si lazima mtu awe msomaji wa vitabu ili aifuate. Jina la mtu likikutoka, jipe dakika moja ya kulitafuta kichwani kabla ya kuichukua simu. Hesabu ndogo ifanye kwanza mwenyewe, kisha uihakiki kwa kikokotoo. Ukitoka kwenye kikao, kabla hujaanza kuzungumza na mtu, jitajie mambo matatu yaliyoamuliwa na nani amekabidhiwa lipi. Mimi kila usiku hupitia siku yangu kwa mpangilio, tangu nilipoamka, na hunishangaza jinsi asubuhi ya siku ileile inavyoweza kuwa imefutika kabisa pale nilipoipitisha nikifanya mambo mawili kwa wakati mmoja.

Maana yake ni kwamba huwezi kukumbuka kisichoingia. Mshika mbili moja humponyoka, na wahenga walilisema hilo bila kupima mtu yeyote. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba akili huweza kushika kwa wakati mmoja vitu saba hivi, pengine viwili zaidi au viwili pungufu. Baadaye, mwaka 2001, Nelson Cowan alitoa hoja kwamba idadi hiyo iko karibu na vinne. Vinne tu. Ujumbe unaoingia unachukua nafasi moja, wasiwasi wa jambo ulilolisahau nyumbani unachukua ya pili, na kazi iliyo mbele yako inabaki kugombea zilizosalia. Tena kuihama kazi hakuishi pale unapoihama: mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiacha kazi na kurukia nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili huumia. Kwa hiyo anayesema "natupia jicho tu" hatoi sekunde mbili pekee.

Dawa niliyoiona inafaa ni ya kawaida mno. Simu yangu hukaa chumba kingine, kwa sababu ikiwa mezani, hata nikiilaza kifudifudi, mkono huifuata wenyewe. Pembeni huweka kipande cha karatasi. Wazo likiingia, kwamba sijamjibu fulani au kwamba bomba la jikoni linavuja, naliandika kwa maneno mawili na kurudi kwenye sentensi niliyoiacha. Baada ya nusu saa karatasi huwa na mambo matano au sita, na ni nadra sana kulikuta ambalo lisingeweza kungoja. Wapo wenye matatizo ya umakini yanayohitaji daktari, na siwasemei hao. Lakini wengi wetu tunaosema kwamba hatukujaliwa utulivu hatujawahi kujipa hata nusu saa isiyokatizwa ili tuone utulivu wetu ukoje.

Juhudi zote hizi huharibika mtu asipolala, na hapa ndipo ninapotaka kusema kwa ukali kidogo. Kuna watu wanaojivunia kulala saa chache kana kwamba ni ushujaa. Watu wazima wanahitaji angalau saa 7 za usingizi kila usiku, na si saa za kupumzisha misuli tu: katika usingizi ubongo huyarudia yaliyojifunzwa mchana na kuyaimarisha, kazi ambayo sehemu iitwayo hipokampasi inashiriki kwa karibu. Katika utafiti wa Hans Van Dongen na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, watu walioruhusiwa kulala saa 6 au pungufu kwa wiki mbili walidhoofika kiakili kiasi cha kulingana na mtu aliyekesha hadi usiku mbili mfululizo. Kinachonitisha zaidi ni kwamba wao wenyewe walijiona wana usingizi kidogo tu. Chombo ambacho tungekitumia kutambua kwamba tumechoka ndicho hichohicho kilichochoka. Kahawa nayo haifuti deni hilo. Kwa watu wengi huchukua karibu saa 5 kwa nusu ya kafeini kutoka mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa 10 jioni kinakuwa bado na nusu ya nguvu zake ifikapo saa 3 usiku, wakati ambao mtu angepaswa kuanza kujiandaa kulala.

Kuhusu mazoezi sina mengi ya kuongeza, kwa kuwa ushahidi unajieleza. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake walichapisha matokeo ya wazee 120, ambao baadhi yao walitembea dakika 40, siku tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima. Hipokampasi za waliotembea ziliongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 2, ilhali za wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo zilipungua. Kutembea hakuhitaji mwalimu wala vifaa.

Michezo ya kwenye simu inayouzwa kwa ahadi ya kunoa bongo naiogopa. Mwaka 2016 kampuni moja ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya mamlaka ya kulinda walaji kuishtaki kwa matangazo ya aina hiyo yasiyo na ushahidi wa kutosha. Anayecheza mchezo kila siku huwa hodari wa mchezo huo, na mara nyingi uhodari wake huishia hapohapo. Ninavutiwa zaidi na madereva wa teksi wa London, ambao ili wapate leseni hujifunza mitaa ipatayo 25,000 kichwani. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walikuta kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko ya watu wengine, na kwamba ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokaa kazini muda mrefu. Wao hawakutafuta mchezo wa kujipimia akili. Walikuwa na jambo la kweli la kulijua, wakalijua.

Nimalizie na masikio, kwa sababu huachwa nje ya mazungumzo haya. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau na ambayo yanaweza kurekebishwa, yakiwemo kupoteza usikivu, uoni hafifu usiotibiwa na upweke. Sikulitilia maanani hilo mpaka lilipomhusu mjomba wangu. Kwa miaka miwili tulimwona anasahau kila tunachomwambia, akawa anajitenga, nasi tukaanza kuzungumza kwa sauti ya chini mbele yake kama vile hayupo. Alipopimwa, ilionekana kwamba mengi tuliyodhani ameyasahau hakuwa ameyasikia. Akapewa kifaa cha kusaidia kusikia, akarudi kwenye mazungumzo yetu. Sasa yeye ndiye anayenipigia simu jioni kuniuliza, "Haya mjomba, leo umesoma nini?" Nikianza kufunua kurasa yeye huisikia karatasi inavyochakacha, na hukaa kimya akinisubiri nikifunge kitabu.